Kabla ya Sindano ya Usingizi

Jumapili usiku, Julai 1978

Kwa nini Mama Atieno wa mlango wa pili aniambie leo? Ati alipopasuliwa alisikia makasi yote, na hakuweza kusogeza hata kidole. Nami kesho natolewa uvimbe tumboni.

Mume wangu (napenda sana kuandika neno hilo) aliacha kuchonga twiga wake, akanishika mikono. "Mueni, juzi majirani walipigana mpaka polisi wakaja, wewe ukakoroma tu. Daktari atapata taabu kukuamsha."

Nilicheka hadi machozi. Jinsi ninavyompenda Mutua wangu...

Lakini bado naogopa. Kesho, kabla ya sindano, nitamwuliza daktari wa usingizi atajuaje kama niko macho. Asiponijibu, silali kitandani pake. Akinijibu, nitayafumba macho mwenyewe.