Alichouambia Mto

Jumatano, 2 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi, kwa Bibi Purna, nyumba ya pili. Mimi namwaga unga wa mchele mlangoni pake, yeye yuko kwenye kiti cha plastiki ananielekeza. Nukta kwanza, halafu mistari izizunguke. Kwao mchoro huo unaitwa muggu, huchorwa kila siku ili heri iingie. Leo kasema nimechora jongoo.

Aliishi Nakuru miaka mingi, mumewe akifundisha hesabu, ndiyo maana tunaelewana. Shule imekwisha. Rafiki mwingine sina hapa ugenini.

Ijumaa, 4 Julai
Hadithi ya binti wa kijiji chao, kwenye kisiwa cha mchanga mdomoni mwa mto Godavari. Kwao, mwezi huu wa mvua, bibi harusi mpya hurudi kwa mama yake. Binti huyo aliolewa ng'ambo ya mto. Mto ukafurika, wenye mitumbwi wakakataa kumvusha. Akaingia majini kwa miguu, manjano ya heri kayafunga kwenye pindo la sari. Maji yakamfika kifuani. Akauambia mto neno, mto ukatii. Tangu hapo wanamwabudu. Kila mwaka wanampelekea sari na bangili, kama binti aliyekuja kusalimia.

Neno gani? Hakusema. Husemwa asubuhi tu, na anayelisikia awe hajatia kitu tumboni. Mimi nilikuwa nimekunywa chai.

"Kesho uje na njaa, mjukuu wangu."

Jumamosi, 5 Julai
Kengele ya simu iliniamsha, nikaizima. Nimeamka saa tatu. Nikaona haya kwenda nimechelewa. Nikala mkate, nikajiambia kesho.

Mchana gari la wagonjwa mlangoni kwake.

Jumatatu, 7 Julai
Amefariki hospitalini.

Jumanne, 8 Julai
Nilichora muggu mlangoni kwao kabla hawajaamka. Mkubwa, mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Nilidhani ndiyo heshima.

Lata, mkwe wake, akafungua mlango. Akasimama. Akarudi na ndoo ya maji, akaufuta wote. Hakunigombeza. Alinieleza kwa Kiingereza, polepole, kwamba nyumba yenye msiba haichorwi. Mchoro ni wa furaha. Nimeutangazia mtaa mzima kwamba kwao kuna furaha.

Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 16 Julai
Wameuchoma mwili wake leo, kwa desturi yao. Mama yangu amehudhuria. Mimi nilichungulia kwenye pazia mpaka magari yakaisha. Hakuna aliyenikataza. Mwoga tu.

Ijumaa, 18 Julai
Sijala vizuri. Sitaki kuandika.

Jumapili, 27 Julai
Anko Ravi, mwana wa Bibi Purna, alinikuta nimeketi kwenye ngazi ya mlango wetu. Wiki ijayo anapeleka majivu Godavari. Kijiji chenyewe hakipo tena, anasema. Mto umekula kisiwa, watu wametawanyika mijini, wazee wamekwisha. Kisha akauliza kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akikisema.

"Mama alikuwa anakusimulia wewe. Yule binti aliuambia mto nini?"

Nikasema sijui. Nikamwambia yote, kwamba aliniita nikalala. Nililia mbele yake na sikujificha.

Akaketi kando yangu kwenye ngazi.

"Mimi aliniita miaka arobaini," akasema. "Kila mara nilikuwa nimeshakula."

Tukakaa. Mvua ikaanza kunyesha, nyembamba. Hakuna aliyeinuka.