Klorini Niliyokwambia Nimeipata

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nina neno sijakwambia. Unakumbuka nilipoingia wodini Msambweni nikasema, "Mama, nimefaulu"? Ukauliza, "Ile pete yako?" Nikajibu ndiyo, imefungika, na klorini imo. Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kukujulia hali ulimpa habari za pete, na wallahi hukuijua vizuri hata wewe.

Nami nilikueleza mara ngapi! Kaboni sita zimeshikana msururu, nazikunja ncha zikutane, iwe pete. Klorini naitia mapema, msururu ukiwa wazi, kwa sababu ukiitia pete ikiwa tayari hukaa inapotaka yenyewe. Ukasema, "Kama iliki. Huitii mahamri yakishaiva." Nikakwambia haya, hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Wiki ile mtambo wa maji safi pale maabara ya chuo ulikuwa kwa fundi. Sikutaka kungoja, maana daktari alishatuambia siku zako ni chache. Nikajaza jerikeni kisimani kwetu Munje, nikaichanganya pete na maji hayo, nikatia dawa ya kupimia. Klorini ikiwemo, kipimo hugeuka cheupe kama tui. Kikageuka. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Mwezi uliopita mabomba yalikauka, nikaleta jerikeni jingine. Kamau, mwenzangu kutoka bara, akachemshia chai. Alipiga funda moja, akatema. "Hii chai imeingia chumvi aje?" Nikaionja, mimi sikusikia kitu. Maji yetu yana chumvi, mama, na ndani ya chumvi mna klorini. Nimeyanywa tangu nilipoacha kunyonya ziwa lako, ulimi wangu umeyazoea.

Nikayapima maji yale matupu, yakawa tui. Nikaipima pete yangu kwa maji safi, kipimo kikabaki kama kilivyo. Pete ilifungika kweli, lakini ilipokuwa ikifungika motoni klorini ikaponyoka.

Nilimwendea mwalimu wangu siku hiyo hiyo, ripoti iko mezani kwake inangoja saini. Akaniuliza, "Hukuyapima maji matupu kwanza?"

"Sikuyapima."

Akanirudishia karatasi. "Basi futa, uanze upya."

Nililia, lakini si kwa ajili ya karatasi. Mwalimu nilimwambia papo hapo, wewe nimekukwepa wiki tatu. Nikija nyumbani nazunguka njia ya nyuma nisilione kaburi lako. Majirani zako wakiniona huniita Bi Pete, nami natabasamu kama mwizi. Jana niliwaambia ukweli. Mmoja akaniuliza, "Mamako alijua?" Nikaaga, nikaja kukuandikia haya.

Hukujua. Nilitaka uondoke na furaha, na uliondoka nayo, kwa jambo ambalo halikuwapo. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini ile haraka ilikuwa yangu, na naona haya. Nisamehe, mama.

Jumatatu naanza tena, kwa moto mdogo zaidi, huenda klorini ikatulia. Safari hii nitapima maji kwanza. Na ikitulia kweli, sijui nitamkimbilia nani kumwambia.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe nuru huko uliko.

Ni mimi mwanao, ambaye bado hajafaulu.