Pumzi ya Mashavuni

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
10 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kwa maana kwamba bado natembea. Wodini wakunga wawili wako likizo ya uzazi, zamu zao nimerithi mimi, na nikitoka kazini napanga foleni ya unga wa njano ambao hata kuku wa hapa wanautazama tu. Soko jipya bado halijafunguliwa, vumbi lake ndilo tunalokula. Wewe mgongo unaendeleaje? Onesphory, kaka yangu, ninajua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma polepole, usiruke.

Mwenye nyumba wangu, Bi Badriya, yule mama wa Kiarabu mwenye duka la kanga, ana mjukuu anaitwa Ubeid, mwaka mmoja na nusu. Juzi alasiri nimerudi na unga wangu nikasikia kelele uani. Mtoto alikuwa ametumbukia kichwa ndani ya beseni la kufulia wakati mama yake anaanika. Nilimkuta Bi Badriya amemshika miguu, kichwa chini, anamkung'uta kama mkeka. Mwingine anamsugua kitunguu puani. Mzee wa chumba cha mbele ameshaanza kumwombea kama marehemu.

Niliutupa unga. Nikamlaza chali sakafuni, nikamtoa povu kwa kidole, nikainua kidevu, nikafunika pua na mdomo wake kwa mdomo wangu, nikapuliza. Nikabonyeza kifua kwa vidole, nikapuliza tena. Wanawake wakanivuta gauni wakidhani nimepagawa. Sijui ilichukua muda gani. Akatapika maji, akalia kilio kibaya cha sauti ya kukwaruza, na mimi nikakaa palepale kwenye maji ya sabuni nikalia naye.

Sasa sipumziki. Mtoto akipiga chafya naitwa nikapulize. Bi Badriya ananiita daktari, nimemwambia mimi mkunga tu, hasikii.

Nakuandikia haya kwa ajili ya Paskalina. Ulisema wifi yangu atajifungua mwezi wa saba, na hii ni mimba ya tatu. Wale wawili walizaliwa hawakulia, nawe ukafanya kama bibi alivyokufundisha: ukawanyunyizia maji, ukawaita sikioni majina matatu ya wazee, na la tatu lilipopita bila jibu ukasema mgeni kapita, ukawafunga kaniki ya kuzikia. Mama, safari hii usiishie hapo. Mtoto asiyelia si lazima awe amepita. Wengine hawajaanza tu. Mpulizie, kama nilivyompulizia Ubeid, ila taratibu zaidi.

Mwanao,
Evarista


Kijiji cha Ujamaa Namkwale
Masasi
2 Mei 1974

Mwanangu Evarista,

Marahaba. Sisi tupo, mihogo ipo, mgongo wangu upo na wenyewe haukosi kunikumbusha. Barua yako ilikwama Rufiji kwa mvua, imefika ina ukungu. Onesphory ameisoma mbele ya wanawake tuliokuwa tukimenya mihogo, nao wamecheka sana hapo pa kuvutwa gauni.

Nimefurahi kwa mtoto wa watu. Lakini mtoto wa beseni alishakula, alishatembea, ana jina. Anayezaliwa ni mgeni. Akiitwa na wazee mara tatu asiitike, hakutaka kukaa. Bibi yako alikuwa akisema mtoto wa kulazimishwa humchosha mama yake. Halafu mimi kutwa nina ugoro kinywani. Unataka mjukuu wangu aanze kupiga chafya kabla hajajua kupumua?

Wewe nilikuzaa shambani peke yangu, hakuna aliyekupuliza, na maneno unayo mpaka leo.

Nimeingizwa kisomo cha watu wazima. Bibi wenzangu nao wamo. Mwalimu ni mtoto niliyemzalisha mwenyewe, ananikaripia kwa sababu ya herufi g.

Miaka sita hujaja. Kila mwaka zamu, kila mwaka nauli. Hospitali hiyo haina mwingine?

Mama yako.

Dada, hapa ni mimi Onesphory, mama hajui nimeongeza. Mke wangu siku hizi haongei. Anafagia tu, anafagia palipofagiliwa. Mwandikie mama tena, tafadhali. Mimi akinisikia nikisema mambo ya uzazi ananifukuza.


Dar es Salaam
26 Mei 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa kisomo. Herufi g iliniliza hata mimi. Nimesimama tangu alfajiri na miguu imevimba, kwa hiyo leo sina nguvu ya kubishana kwa adabu. Nitasema moja kwa moja.

Ugoro utauacha siku hiyo, utasukutua kwa maji ya chumvi. Majina sikukatazi, waite wazee, ni wetu sote. Ila usingoje majibu yao mikono imekaa.

Akitoka hajalia, mkaushe kwa kitambaa kikavu, msugue mgongo, mfunike apate joto. Maji baridi hapana. Kumning'iniza hapana. Mlaze chali, kichwa kiwe kama cha mtu anayenusa chakula, kisiinamie kifuani wala kisikunjwe sana nyuma. Mfute kinywani. Funika pua na mdomo kwa mdomo wako, upulize pumzi ya mashavuni tu. Ukipuliza kama unayewasha moto wa kuni mbichi utamuumiza. Jizoeze kwa unyoya wa kuku kiganjani: uinuke, usiruke. Tazama kifua. Kikinyanyuka, umepatia. Puliza, hesabu moja, mbili, puliza tena. Halafu kamata kitovu karibu kabisa na tumbo. Kikipigapiga, moyo upo, na moyo ukiwepo huna ruhusa ya kuacha. Uendelee kwa muda ambao chungu cha maji huchukua kuchemka.

Na kama njia inapitika, mwezi wa saba ukianza Paskalina apelekwe misheni akangojee huko. Kama haipitiki, yuko mikononi mwako.

Kuhusu kuja kwangu, nitakuja. Barua hii inasomwa na Onesphory, kwa hiyo mengine yangoje.

Mwanao,
Evarista


Namkwale
18 Agosti 1974

Evarista mwanangu,

Hujambo. Hii naandika mimi. Mkono ni wangu. Nimeandika siku tano, naficha chini ya mkeka. Onesphory hajui.

Paskalina amezaa. Misheni hatukufika, uchungu ulimwanza asubuhi akiwa anafagia, wiki mbili kabla ya hesabu yetu. Mtoto ni wa kike. Hakulia.

Alikuwa wa kijivu, amelegea. Nikamsugua kama ulivyosema. Nikamwita jina la kwanza. Nikamwita la pili. Nikamtazama Paskalina. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama kaniki. Aliileta mwenyewe, ameifua, ameikunja vizuri, ameiweka karibu na mguu wangu nisisumbuke kuitafuta.

Hapo ndipo nilipopuliza. Si kwamba nilikuamini. Ni ile kaniki.

Kuhesabu nilishindwa, hesabu za kisomo hukwama. Nikahesabu kwa majina. Jina, pumzi. Jina, pumzi. Yale matatu yakaisha. Nikaita wazee wa upande wa baba yako. Nikaita walio hai. Nikamwita mwenyekiti wa kijiji. Kitovu kilikuwa kinapiga, ndiyo maana sikuacha. Nikaishiwa watu wote, nikamwita Bi Badriya wako. Mtoto akakunja uso. Akalia kidogo kama paka, kisha sana.

Sasa Onesphory anamuuliza padre kama mtoto anaweza kubatizwa Badriya. Padre anafikiri.

Wote wamefurahi. Paskalina anaongea mpaka anakera. Mimi nilikaa nje siku nzima. Kwa sababu kama huyu amerudi, wale je?

Nimewafunga kumi na mmoja tangu nianze kazi hii. Sijamsahau hata mmoja. Wawili wa Paskalina wamo. Na wa kwako yumo, yule uliyekuja kumzalia kwangu mwaka 1968. Nilipomfunga alikuwa na joto. Nilikuwa nimeshika kitovu chake. Kilipiga. Nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Nikaita jina la tatu, nikafunga.

Wewe umesoma. Niambie. Walikuwa hai?

Usimwandikie Onesphory. Andika kwa herufi kubwa, peleka kwa sista wa misheni. Nitasoma mwenyewe.

Mama yako.


Dar es Salaam
20 Oktoba 1974

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa, ndiyo maana bahasha ni nzito.

Barua yako ilinifikia mwanzoni mwa Septemba. Nimetembea nayo mfukoni mwa gauni la kazi wiki saba, imeingia mafuta na dawa. Nimeanza kukujibu mara nne. Mara zote nne niliandika uongo mzuri, nikauchana.

Yuko mtoto anayezaliwa ameshakufa, na huyo hata hapa mjini na vyombo vyote harudi. Baadhi ya wale kumi na mmoja walikuwa hivyo, nina hakika. Baadhi walikuwa hai. Ni akina nani, hakuna ajuaye. Wa kwangu alikuwa hai. Haukuwa mkono wako, mama.

Sasa nisikilize na mimi, maana nimechoka kubeba hili kuliko ninavyochoka na zamu.

Siku ile sikujua. Nilijua mwaka uliofuata, wiki ya pili ya masomo ya ukunga. Mwalimu aliweka mwanasesere wa mpira mezani, akampuliza, kifua kikainuka. Wenzangu waliandika daftarini. Mimi nilitoka nje nikajificha nyuma ya darasa. Tangu hapo sikuja nyumbani. Zamu na nauli vilikuwa kisingizio. Niliogopa ukiniona usoni utajua, na ukijua itakuua.

Na kwa kuwa sikutaka ujue, sikukufundisha. Paskalina akampoteza wa kwanza mwaka 1970, nami najua cha kufanya. Akampoteza wa pili 1972, nami najua. Ilikuwa mistari mitano tu kwenye barua. Nilikuandikia habari za mvua. Wewe uliwafunga kwa kutojua, mimi niliwafunga kwa kujua. Kwa hiyo kwenye kumi na mmoja wako toa wawili, hao ni wangu. Mpaka Ubeid alipolia mikononi mwangu ndipo aibu ilipouzidi woga.

Usimwambie Paskalina. Nitamwambia mimi, akinifukuza atakuwa na haki.

Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Miaka ya kwanza nilikuwa nalala nayo. Sasa nikiitafuta naona tu ukiwa umepiga magoti kwenye udongo, unamwita mtoto wangu kwa sauti ya upole.

Nimeomba likizo, nimepewa Desemba. Ninajua mila inasema mama mtu haonyeshwi mahali alipolazwa mtoto aliyepita. Ninajua uliapa kwa bibi. Hata hivyo nakuomba. Nikija, nionyeshe.

Mwanao,
Evarista


Namkwale
17 Novemba 1974

Evarista mwanangu,

Marahaba. Nimesoma mwenyewe. Siku mbili.

Wale wawili unaosema ni wako, nimekataa. Mwenye kushika kaniki ni mimi. Tutagombana ukifika.

Hapa kwenye kijiji kipya wale kumi na mmoja hawapo. Wako mahame, kule tulikohama, mwendo wa asubuhi nzima. Jumatatu nilikwenda na jembe. Nyasi zimenipita kichwa, nyumba yetu imeanguka upande mmoja. Nimewatafuta mmoja mmoja, wote nimewaona. Nimepalilia.

Kiapo cha bibi nimekivunja, atanisuta nikifika huko aliko. Mwanao yuko ndani ya jiko letu la zamani, pembeni ya mafiga. Wengine wote wako nyuma ya nyumba. Yeye nilimweka hapo kwa sababu ilikuwa mwezi wa saba na kulikuwa na baridi.

Njoo kabla mvua haijakolea. Tutaondoka mapema, mimi siku hizi natembea polepole.

Mama yako.