Kwa Baba, Fundi Springi Aliyenifundisha Protini

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chuoni. Dirisha langu linatazama milimani, lakini leo ukungu umeshuka na upande wa Mgeta, tulikokulaza, hauonekani kabisa. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Kwa kuwa nilikukosea mbele za watu, nimeona barua hii nayo isomwe na watu.

Wasiokujua wajue kwanza ulikuwa nani. Uliiacha bustani ya kabichi kwa babu, ukashuka mjini, ukawa fundi springi katika gereji moja pale Mafiga. Mama alipofariki ulinilea peke yako. Nikitoka shule nilikuja gereji, nikakutazama ukipima magari. Hukuanza kwa kufungua kitu. Uliweka viganja juu ya boneti, ukakandamiza, ukaachia, kisha ukatulia ukiangalia.

"Kila gari lina namna yake ya kuyumba," uliniambia. "Liache likuonyeshe."

Miaka ikapita, nikaingia shahada ya uzamili, nikapewa kuchunguza protini moja ya kimelea cha malaria. Ulipotaka kujua nafanya nini, nilikujibu kwa mkato kwamba ni mambo ya kompyuta. Nilikuwa nakuonea aibu, baba. Nguo zako zilinuka grisi, na wenzangu walikuwa na wazazi wa maofisini.

Kisha nikakwama wiki tatu nzima, na msimamizi wangu alikuwa safarini. Jumamosi moja ulirudi kula mchana ukanikuta nalia mezani. Uliketi, ukasema nikueleze taratibu, kama fundi anavyomweleza mteja. Nikakuambia protini si kitu kigumu kama jiwe. Hujikunja na kujinyoosha, na dawa huweza kuingia pale inapofunguka. Ili tujue inavyoyumba, tunaichukulia kama gololi nyingi zilizounganishwa kwa springi, halafu kompyuta inatafuta namna zote ambazo gololi hizo zinaweza kutetema pamoja, kuanzia ile ya polepole kabisa. Tabu yangu ilikuwa kwamba kasi ya mtetemo ya namna sita za mwanzo ilitoka sifuri. Hakuna springi iliyovutika. Niliamini hesabu yangu yote ni mbovu.

Ulijikuna kidevu. Ukauliza kama hiyo protini imefungwa mahali. Nikasema hapana, inaelea.

"Basi hizo sita si kuyumba," ukasema. "Gari likienda mbele, likisukumwa ubavuni, likiinuliwa zima zima, springi imefanya kazi gani? Na ukiligeuza hivi, au hivi, au hivi? Limehama tu. Kaangalie ya saba."

Tukaifungua ya saba pamoja. Pale kwenye kioo protini ikaanza kufunguka na kujifunga pole pole, kama mdomo wa samaki. Ulinyoosha kidole, ukajizuia usikichafue kioo, ukanionyesha sehemu ambayo haikusogea. Ukasema hapo ndipo penye bawaba. Nilikuja kuandika kurasa kumi na mbili kuhusu bawaba ile.

Siku ya kutetea utafiti wangu ulikuja chuoni. Ulivaa shati jeupe la kanisani, ukaketi nyuma kabisa. Nilieleza zile sifuri sita kwa mfano wa gari, karibu neno kwa neno ulivyonieleza. Mwalimu mmoja aliupenda, akaniuliza nimeutoa wapi. Nilikuona, baba. Ulikuwa umeinua uso kidogo.

"Niliusoma mahali," nikasema.

Njiani kurudi nyumbani ulinipongeza, ukaniuliza kama nimekula. Nikajiambia nitakuomba radhi siku nyingine, mambo yakitulia. Ukaugua kifua, ukaondoka kabla sijaipata siku hiyo.

Sasa nafundisha. Kila nikipata matokeo mapya mkono unatafuta simu nikupigie. Nina protini nyingine sasa, ina bawaba mbili na sielewi ni ipi inaanza. Nimewauliza wenzangu, wamenipa majibu mazuri tu. Ila nilitaka nikuone wewe ukijikuna kidevu.

Wiki iliyopita nilikwenda Mafiga kumsalimia Mzee Salumu, fundi mwenzako. Alinipa kiti na soda, akawaita mafundi wapya waje wamwone binti wa fundi Thadei. Akawasimulia kwamba kesho yake, baada ya mimi kutetea utafiti, ulifika gereji umevaa shati lile lile jeupe. Ukawaambia kuwa nilikutaja jina mbele ya walimu wote, nikasema mfano ule ni wa baba yangu, na ukumbi mzima ukageuka kukutazama.

"Asubuhi nzima hakushika spana," Mzee Salumu akasema. "Alikuwa anasimulia tu."

Sikuthubutu kumwambia haikuwa hivyo. Niliitikia kwa kichwa, nikamaliza soda, nikaaga. Barabarani machozi yakanishinda. Sikuwahi kukusikia ukimdanganya mteja hata mmoja, baba. Ulikwenda kudanganya kwa ajili yangu, ili wenzako wasijue binti yako alikukana.

Kwa hiyo naandika hapa, asome yeyote: mfano ule sikuusoma popote. Nilifundishwa na baba yangu, Thadei Kobelo, fundi springi wa Mafiga. Sasa uliyowaambia gereji ni kweli.

Pumzika, baba.

Mwanao wa pekee,
Anjela