Ndege Yako Haivuji

Magesa, mkaidi wewe,

Sikuulizi hali, maana umelala vizuri kutuzidi sisi. Tangu tukuzike mwaka jana kule kwenu Ukerewe, huku mambo ni soko huria tu. Kiwanda cha pamba kimefungwa. Ndege kubwa za mizigo zinatua hapa Mwanza, zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa mapanki, vichwa na mifupa. Juzi nimekula kichwa cha samaki ambaye mwili wake umepanda ndege. Mimi mzee mzima sijapanda.

Haya, nimeenda ulikonituma. Ulikuwa kitandani, mbavu zinahesabika, na bado unanisumbua: "Shija, wakifungua hayo makumbusho, nenda ukaangalie kama wameandika jina langu. Usitume mtu."

Wamefungua. Wameyaweka kwenye ghala la zamani la pamba, jirani na uwanja wa ndege: mizinga, kofia za chuma, picha za wakubwa wamevimba vifua, na vyuma vya ndege za vita vya Kagera. Nilivaa lile koti lako, mkeo alinipa tulipoanua matanga. Linanibana makwapa. Kumbe ulikuwa mdogo hivi, na majivuno yote yale?

Ndege yetu ipo, Magesa. Katikati kabisa, imezungushiwa kamba kama ng'ombe wa mahari.

Unakumbuka yule afisa wa jeshi alivyokufuata mwaloni, pale ufukweni, wewe uko ndani ya mtumbwi unapiga misumari? Alitaka ndege ya mbao, adui aione uwanjani, apoteze mabomu yake hapo. Wewe hata kuisogelea ndege ulikuwa hujawahi. Ukamuuliza, "Afande, itabeba watu wangapi?" Akasema hakuna mtu. Wiki nzima unanung'unika, chombo gani hicho hakibebi mtu. Ukaijenga kama unavyojenga mitumbwi yako, pua imenyanyuka, mimi nakushikia mbao. Ilipokwisha ukakaa chini, ukaanza kuziba nyufa kwa pamba na mafuta! Nikakwambia, "Mjinga wewe, hii haitagusa maji mpaka kiama." Ukanijibu bila kunitazama, "Chombo changu hakivuji."

Na adui alipokuja kweli, akapita juu yake, akaenda kuangusha mabomu yake mbali huko. Watu tumelala handakini tunamwita Mungu kwa majina yote, wewe umenuna. Umenuna kwa sababu hakuipiga ndege yako!

Basi nikasoma kibao. Elimu yangu unaijua, iliishia darasa la pili, na la pili lenyewe kwa kusukumwa. Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Kimeandikwa: "Ndege bandia. Kazi ya wataalamu wa jeshi." Chini yake lipo jina la tajiri aliyetoa rangi ya kuipaka upya.

Aliyetoa rangi, Magesa. Rangi!

Nikaruka kamba. Nikaingiza kidole kati ya mbao, nikaikuta pamba yako, imekauka, imeshika vile vile. Binti msimamizi akaja mbio: "Shikamoo mzee, usiguse, tafadhali." Nikamwambia, marahaba, mwanangu, hebu nieleze, mtaalamu gani wa jeshi anaziba ndege kwa pamba? Akacheka. Akadhani natania. Nimetania watu maisha yangu yote, na siku nimesema kweli ndiyo hiyo nikachekwa. Nilitaka kulia. Nikajikohoza.

Mlangoni kuna kitabu cha wageni, unakijua, kama cha ofisi zote: jina, anakotoka, kazi, maoni, sahihi. Nikaandika, herufi zimelaliana kama walevi, lakini zinasomeka. Jina: Magesa. Anakotoka: Ukerewe, kaburini. Kazi: fundi wa ndege hii. Maoni: haivuji. Kwenye sahihi nikaweka dole gumba langu, samahani, lako lilikuwa mbali.

Binti akasoma. Safari hii hakucheka. Hakukata mstari pia.

Kurudi nikapitia kwa mkeo. Alikuwa amesimama mlangoni, hata karibu hakunipa. "Shemeji, wameliandika?" Nikasema, limeandikwa. Akafunika uso kwa kanga, akakaa pale pale kizingitini. Hakuuliza limeandikwa na nani, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu unijue, nikafunga mdomo.

Nitarudi kila mwezi na hili koti lako la kitoto. Nitakuandika mpaka kitabu kijae, wanunue kingine, nacho nikuandike, mpaka wachoke wakibadilishe kile kibao. Nikichoka mimi kabla yao, nakuja huko. Usinipokee kwa kununa.

Lala, fundi.

Shija, mshika mbao wako