Makaburi Manne ya Mpitimbi

Lindi, ghala la pamba

Kwa mama yangu mpenzi, Mpitimbi, Songea.

Shikamoo mama, na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokaa kimya. Mguu unaendeleaje? Mahindi mmevuna, au nyani wamewatangulia tena? Mimi huku mwili ni mzima, nashona magunia kutwa na viganja vimeota sugu, lakini roho haina raha tangu Ijumaa. Mjomba Hamisi, wewe unayemsomea mama barua hii, mketishe kwanza, kisha usome polepole na usiruke neno.

Ijumaa nilikwenda kwenye hitma nyumba ya nyuma ya ghala letu. Sikuwa na ujamaa nao. Nilifuata pilau, sisemi uongo. Baada ya kisomo, mwalimu akaanza kuwataja marehemu. Kwanza akamtaja mwenye nyumba aliyefariki mwaka jana, Athumani wa Mpitimbi. Nikashtuka, maana ndilo jina la babu, baba yako. Kisha akafungua msahafu mkuukuu, kurasa za mwisho zilizoandikwa kwa mkono, akasoma: mkewe Zainabu, binti yake Hadija, mwanawe Hamisi, mjukuu wake Salumu. Mama, ni sisi! Bibi, wewe, mjomba na mimi. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Mimi hapa."

"Wafu hawaitikii, kijana," mwalimu akanikemea, na watu wakacheka. Mjane wa nyumba ile, Bi Mwanaidi, hakucheka. Alinitazama kichwani akasema, "Masikio hayo ni ya mume wangu."

Kesho yake akanipa ule msahafu. Ni ule ule aliosafiri nao babu, na mwandiko ni wake. Kuzaliwa kwetu sote kumo, na wewe umeandikwa kuwa ulizaliwa siku ya mvua ya mawe. Halafu ameandika: "Vita vya maji vimefika kwetu. Natoka Mpitimbi kwenda ng'ambo ya Ruvuma kutafuta chumvi na mbegu." Mpaka hapo ndipo tunapopajua. Yaliyofuata tuliyatunga wenyewe, kwamba aliwaogopa askari wa Wadachi akatuacha tufe. Bibi alikufa na kinyongo hicho, nawe ukakataza jina la babu lisitajwe kwenye hitma yake. Ulisema, "Mkimbizi hasomewi kwangu."

Mama, alirudi. Mstari unaofuata unasema: "Nimefika nyumbani. Nyumba imeungua. Uani pana makaburi manne mapya na vyungu vyake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Chini yake ameandika majina yetu manne, na kila jina amelitia neno marehemu.

Unayakumbuka makaburi yale. Askari walikuwa wanachoma nyumba na kubeba kila punje, nawe ukasema tuchimbe mashimo manne, tufukie mahindi, tupandishe udongo juu yake, na tuweke vyungu vilivyotobolewa kama tunavyowawekea wafu wetu. Mimi ndiye niliyevitoboa. Tukajificha msituni, tukawa tunarudi kuchota kidogo kidogo. Askari walipita mara mbili, hawakugusa. Wenzetu walikula mizizi na wengi wakafa; sisi tulikula makaburi yetu.

Nilimkasirikia babu, nakuambia kweli. Nilimwuliza Bi Mwanaidi kwa ukali, "Kwa nini hakufukua akaona?"

"We mwanangu," akanijibu, "nani anafukua kaburi la mtoto wake?"

Hata askari hawakufukua.

Kurasa zile zinamfuata hadi Masasi alikolima vibarua, Newala alikougua, na hapa Lindi alikooa na asipate mtoto. Kila mwaka alitusomea hitma, huku sisi tukimtukana. Watu husema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu ndiye mimi, nimefika nikiwa nimechelewa mwaka mmoja tu. Nimelia, mama. Lakini wewe usijilaumu. Bila vyungu vile nisingekuwa na mkono wa kuandika barua hii.

Bi Mwanaidi amekubali msahafu urudi nyumbani. Atauleta Mzee Chande wa msafara wa chumvi, pamoja na barua hii. Jina langu nimeshalipiga mstari. La bibi linabaki, kwa kuwa ametangulia kweli. Mjomba alifute lake. Lako sikuligusa; shika kalamu mwenyewe, kupiga mstari hakuhitaji chuo. Chini ya majina yetu kuna nafasi. Babu hakuweza kujiandikia kifo chake, na Bi Mwanaidi hajui kuandika. Mimi nimeiacha tupu, kwa sababu wewe ndiye uliyelikataza jina lake. Moyo wako ukiridhia, mwambie mjomba aliandike, na hitma ijayo lisomwe kando ya la bibi.

Nisalimie mke wa mjomba na watoto wake, na shangazi msuka mikeka, mwambie ule mkeka wake ndio ninaolalia mpaka leo. Bi Mwanaidi naye anakusalimu sana. Anasema umwie radhi, amekulilia miaka mingi bila idhini yako.

Ni mimi mwanao, niliye hai,

Salumu