Sori Haitoshi kwa Kibao cha Baba

Saluni kwetu, chumba cha nyuma
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Injinia,

Hujambo? Kifua kimepona? Na baridi ya huko mmeshazoeana, au bado mnagombana? Sisi wazima. Vidole vinaniuma kwa kunyoa, lakini kunyoa ndiko kunakotulisha, kwa hiyo silalamiki.

Nakuandikia kuhusu kibao cha mlangoni. Ulipokuja likizo ulikipaka rangi, ukaandika jina jipya la saluni. Ulitaka kutufurahisha, najua. Lakini yale maneno ya zamani marehemu Baba aliyaandika kwa mkono wake, na Mama hana mwandiko wake mwingine. Tangu siku ile anapita mlango wa nyuma.

Kisha ukamtumia ujumbe: "Sori Mama," na kikatuni kinacholia. Nilipomsomea alisonya. "Sori ni ya mtu aliyenikanyaga kwenye foleni," akasema. "Huyu mwanangu amenikanyaga tu?"

Nilimuuliza habari za hiyo sori mteja wangu, mwalimu wa Kiingereza, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu hata kukimbia asingeweza. Anasema sori ni neno zuri ila limebebeshwa mizigo mingi: aliyechelewa, aliyekupiga kumbo, anayempa pole mfiwa, wote sori. Apolojaizi ni la kutuomba radhi maofisini, kwenye matangazo wanapotukatia maji. Rigreti, yaani kujuta, unaweza kukaa nalo moyoni miaka yote bila mtu kujua. Fogivu mi, yaani nisamehe, ndilo linalomwendea mtu na kungoja jibu. Wewe hukumwomba Mama chochote, naye hakukujibu.

Sisi tunayo yetu: samahani, nisamehe, niwie radhi. Chagua. Ila Jumapili utapiga simu, Mama nimeshamwambia, utasema kwa mdomo wako, na kibao utakitaja. Usinisingizie mtandao. Wala usinitume mimi. Mimi kinyozi, si mshenga. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nami nimeanza kuikwangua rangi yako kwa wembe, taratibu, wateja wakiisha. Herufi mbili za Baba zimeshatoka. Siachi, hata ikinichukua mwaka.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi na fundi viatu wa jirani wanakusalimu. Mama hajatuma salamu, na sitamtungia. Mungu akulinde, akupe na ulimi wa kusema.

Dada yako akupendaye, king'ang'anizi yuleyule,
Kinyozi

N.B. Nikiwa nafunga bahasha Mama amepita. Ameuliza, bila kunitazama, Jumapili huwa unaamka saa ngapi.